Uliza Fundi: Skii za Msimu Huu au za Mtumba?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: kuna skii zilizotumika za bei ya kueleweka na kuna za msimu huu ambazo bei yake ukiisoma inabidi ukae chini kwanza, sasa mtu achukue zipi. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Kwa mgeni wa ukurasa huu, friraidi ni kuteleza nje ya pisti, kwenye theluji ambayo mashine haijaisawazisha, ila lifti ndo inakupandisha juu. Bekikantri unajipandisha mwenyewe kwa miguu, umebandika ngozi chini ya skii ili zisirudi nyuma. Ukiziona dukani skii za kazi hizi mbili zinafanana kabisa, uzishike sasa ndo utajua.

Habari fundi. Niko Salt Lake City mwaka wa nne sasa, nateleza vizuri kiasi, uzito kilo 82. Kuna jamaa anauza Völkl Mantra M5 za sentimita 177 zilizotumika misimu miwili, na dukani kuna M7 mpya ambazo bei yake ni karibu mara tatu. Kuna tofauti ya maana au ni rangi tu? Na nikienda kuziona nikague nini?

Nzuri kaka, na asante kwa kutaja uzito maana wengi wananiandikia rangi ya skii wanasahau kilo zao.

Tuanze na hiyo familia. Mantra ipo sokoni toka katikati ya miaka ya 2000 na imebadilika tabia mara kadhaa. Kuna kipindi katikati ya miaka ya 2010 waliipanua kiuno (upana wa katikati ya skii) mpaka milimita 100 wakaikunja kuelekea juu kuanzia puani mpaka mkiani, katikati haina kemba kabisa (kemba ni ule upinde wa katikati, ukiilaza skii mezani tumbo linakuwa juu halijagusa meza). Waliokuwa wanaipenda kwa kung'ata theluji ngumu wakanuna. Msimu wa 2018/19 ikaja M5, kiuno kikarudi milimita 96, kemba ikarudi katikati, roka, ule mkunjo wa kuelekea juu, ikabaki puani na mkiani tu, halafu lile bati la Titanal, ambalo ni aloi ya alumini, badala ya kulitandika shiti nzima kama zamani wakalifanya fremu inayopita pembeni, na puani wakaweka kaboni. Matokeo yake skii inashika vizuri lakini siyo gogo tena. Huo ndo ulikuwa mruko wa kweli katika familia hii.

M6 ya 2021/22 iliongeza mambo mawili. La kwanza mkato wa pembeni una duara tatu badala ya moja, refu puani, fupi chini ya buti, refu tena mkiani, yaani ukiilaza kidogo inachora kona ndefu na ukiilaza sana inachora fupi. La pili ile fremu ya bati inakatwa kulingana na urefu wa skii ili mtu mdogo anayechukua fupi asipewe ugumu wa mtu wa kilo 95. M7 imeendelea kwenye njia hiyohiyo, kiuno bado 96. Kwa kilo zako 82 na urefu wa 177, tofauti ya M5 na M7 utaisikia zaidi ukiwa mwendo wa pole kwenye kona fupi, M5 inataka uiendeshe, ukizubaa inakupeleka inakotaka yenyewe. Ukiwa kasi hazipishani kwa kiasi cha kulipa mara tatu.

Na mjue hili, skii nyingi hukaa misimu miwili mitatu bila kuguswa kitu ndani, kinachobadilika kila mwaka ni mchoro wa juu tu, kama kanga, maandishi mapya kitambaa kilekile. Kwa hiyo kabla hujalipa uliza ni mwaka gani modeli hiyo ilibadilishwa umbo au kiini, usiulize ni ya mwaka gani. Mwezi wa 3 na wa 4 maduka yanapoanza kutoa za msimu unaoisha, ile ya "mwaka jana" ambayo ni pacha wa ya mwaka huu inashuka bei kwelikweli, hapo ndo pa kununua mpya kama roho inataka mpya.

Ila kaka ngoja nikuulize na mimi. Umesema Salt Lake City. Kama wikendi zako unazimalizia Alta na Snowbird kule Little Cottonwood, kwenye ile theluji kavu nyepesi ambayo watu wanapanda ndege kuifuata, basi swali la M5 au M7 siyo la kwanza. Skii ya kiuno 96 yenye bati ndani ni nzuri siku ambazo hakujanyesha, theluji imekanyagwa na imekuwa ngumu ngumu. Siku ya sentimita 40 utakuwa unapigana nayo wakati mwenzio mwenye kiuno 108 au 112 anaelea. Kama utakuwa na pea moja tu mimi ningetafuta ya kati ya 100 na 106 isiyo na bati zito, na hizo za mtumba za kuanzia 2016 hivi zimejaa kwenu huko. Kama tayari una pea pana, haya, chukua hiyo M5 na usinipigie simu tena 😄

Ukaguzi sasa, na hapa soma taratibu. Anza na makali ya chuma, pitisha ukucha siyo kidole, zungusha yote kutoka puani hadi mkiani, unatafuta sehemu iliyopasuka au iliyochomoza nje, kutu ya juu juu siyo kesi inatoka kwa jiwe dakika mbili. Angalia chuma kimebaki unene gani, kama kimenolewa mpaka kimekuwa uzi basi hiyo skii imeshapita mashineni mara nyingi na haina maisha mengi. Geuza uangalie soli, mikwaruzo ya kawaida inazibwa, lakini shimo lililofika kwenye mbao ni habari nyingine kwa sababu maji yanaingia kwenye kiini, mbao inavimba, ikiganda inapasuka. Halafu ziweke mbili tumbo kwa tumbo, katikati patakuwa na uwazi, zibane kwa mkono zikutane, zinatakiwa kukutana sawasawa bila moja kulala upande. Kama hakuna uwazi kabisa kwenye modeli ambayo inatakiwa kuwa na kemba, imechoka. Gonga gonga juu kwa kifundo cha kidole kuelekea puani na mkiani, ukisikia mlio umebadilika ghafla ukawa wa debe tupu, tabaka zimeachana.

La mwisho ndo watu wanalisahau, matundu. Kila baindingi (kile kifaa kinachoshika buti kwenye skii) ikifungwa skii inatobolewa. Ikishatobolewa mara mbili kwa watu wawili wenye buti za urefu tofauti, tundu la tatu linakuwa halina pa kukaa, na mimi tundu jipya silitoboi kama liko chini ya sentimita moja kutoka la zamani. Muulize jamaa urefu wa soli ya buti yake kwa milimita, umechapwa pembeni ya kisigino cha buti, ulinganishe na wako. Zikiwa karibu karibu baindingi inasogezwa tu bila kutoboa. Zikipishana sana, weka gharama ya fundi kwenye hesabu. Na fundi mwenyewe umchunguze, skii yenye bati inatobolewa kwa ncha ya keekee ya milimita 4.1 na isiyo na bati 3.6, akikuambia "zote sawa" beba skii zako utoke.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi Innsbruck, kwetu Arusha. Nimepewa bure skii za friraidi za zamani kiuno 108 zina baindingi za Marker Duke zile za fremu za mwanzo. Wenzangu wote wanapanda na vitu vyepesi vya pini. Nikiwa nao nafika juu nusu saa nyuma yao na hasira. Bajeti yangu ni ndogo. Nibadilishe nini kwanza?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza siyo mapafu yako, ni mguu wako umebebeshwa mzigo.

Duke ilipotoka mwishoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa mkombozi kwa watu wa friraidi maana iliachia buti ukianguka kama baindingi ya kawaida ya rizoti, yaani ya siku za lifti, na bado ukaweza kupanda nayo. Lakini pea moja ni zaidi ya kilo mbili na nusu, na ubaya wake mkubwa ni kwamba ukinyanyua kisigino fremu yote inanyanyuka na mguu. Baindingi ya pini inashika buti puani kwa ncha mbili za chuma, kisigino kinapanda peke yake na kipande cha nyuma kinabaki kwenye skii, na nyingi za kupandia zina gramu 300 mpaka 400 kwa mguu. Kwa hiyo tofauti ni karibu kilo nzima kila mguu kabla hatujagusa skii zenyewe. Mlima wa mita 1,000 wa kwenda juu ni hatua kama elfu tano, piga hesabu mwenyewe. Na uchungu zaidi hiyo pini aliibuni mtu wa hukohuko uliko, Fritz Barthel, Mtirol, miaka ya 1980, Dynafit wakaichukua, leo karibu kila anayekupita mlimani anatumia wazo lake.

Sasa usikimbilie kununua skii. Mpangilio wangu kwa mtu wa hela ndogo ni huu: buti kwanza, baindingi pili, skii tatu. Buti kwa sababu pini inahitaji buti yenye vishimo vya chuma puani na kisigino, buti ya rizoti ya kawaida haina, na buti ndo kitu cha mwisho cha kununua mtumba kiholela maana inakaa kwa umbo la mguu wa mtu. Tafuta zinazokaa mguuni mwako na zenye swichi ya kutembelea inayofunguka vizuri, uzito utajipa. Baindingi mpya au ya misimu michache, uliza kama imepimwa kwa kiwango cha ISO 13992 cha baindingi za kupandia, kwa sababu pini nyingi za zamani na zile nyepesi za mashindano uachiaji wake haufanani na wa baindingi za kisasa. Skii ndo hapo ujiachie kwenye mtumba, kiuno 88 mpaka 98, uzito gramu 1,300 mpaka 1,500 kwa urefu wa sentimita 170 hivi.

Kwenye skii za kupandia umri una maana zaidi kuliko za friraidi, na sababu ni hii. Viwanda vilipoanza kukimbizana na wepesi, miaka ya 2010, vilijaza kaboni na kupunguza kila kitu kingine, skii ikawa nyepesi ajabu lakini ukishuka kwenye theluji iliyoganda inatetemeka mpaka meno yanagongana, na ilikuwa inamtaka mtu hodari asiyechoka, wakati aliyetoka kupanda kwa masaa matatu amechoka. Baadaye wakatulia. Blizzard Zero G kwa mfano, za kizazi cha kwanza zilisifika kwa ukali, zilizofuata kuanzia 2019/20 zilirekebishwa mpangilio wa kaboni zikawa zinasamehe zaidi bila kuongezeka uzito wa maana. Viwanda vingine viliamua kurudisha gramu 100 mpaka 200 za mbao ili skii itulie. Kwa hiyo kwenye skii nyepesi mimi ningesogea kwa za kuanzia 2019 hivi, kabla ya hapo jaribu kwanza kwa kukodi.

Hizo za bure usizigawe. Kiuno 108 na Duke ni silaha nzuri ya siku za lifti kule Axamer Lizum au Nordkette, ambapo unatembea dakika kumi tu kutoka kituo cha juu. Wakati wa kupanda kweli tumia nyepesi.

Kuna watu watakwambia ununue Shift, ile ya Salomon na Atomic iliyotoka 2018, inapanda kwa pini ikifika juu unaigeuza inakuwa baindingi kamili ya rizoti. Ni kitu kizuri ila ni karibu gramu 900 kwa mguu, ni ya mtu anayetumia lifti siku nyingi na kupanda siku chache. Wewe ni kinyume chake.

Na kitu kimoja nakiweka wazi mdogo wangu kwa sababu hujakitaja kabisa: bikoni, kile kifaa cha redio unachovaa ili ukifukiwa na maporomoko ya theluji wenzio wakupate. Kama na bikoni umepewa bure na ni ya zamani, ya antena moja au mbili, irudishe kabatini. Zile za kwanza za kidijitali za 1997, Tracker DTS, zilikuwa na antena mbili na kwa wakati wake zilileta mapinduzi, leo unataka antena tatu. Zote bado zinaongea kwa kilohezi 457 kwa hiyo ya zamani itasikika, tatizo ni wewe kumtafuta mwenzio nayo. Utafiti wa Uswisi uliotoka 2024 unaonyesha aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 uwezekano wa kupona ni zaidi ya asilimia 90, ikifika dakika 30 umeshashuka mpaka karibu asilimia 30. Dakika 5 zinazopotea kwa bikoni ya kizee zinatoka kwenye hesabu hiyo. Bikoni, koleo, fimbo ya kuchomeka thelujini kumtafuta aliyefukiwa, na kozi ya siku mbili ya maporomoko, hivyo vinatangulia hata buti. Ripoti ya hatari ya maporomoko ya Tirol inatoka kila siku, ina ngazi 1 mpaka 5, isome jioni kabla hujapanga kwenda, na usijidanganye na ngazi ya 3, vifo vingi hutokea hapohapo siyo kwenye 5, kwenye 5 watu wamekaa ndani.

Ngozi za kupandia nazo hukatwa kwa umbo la skii, kwa hiyo za 108 unaweza kuzipunguza zikaingia kwenye 95, lakini kinyume chake haiwezekani. Kabla hujakata angalia gundi, ikiwa inaacha uchafu kwenye soli wewe nunua mpya.

Fundi niaje. Niko Denver. Nilipeleka skii zangu dukani wanisetie baindingi kwa buti mpya nilizonunua, wakakataa katakata, eti baindingi ni za zamani sana. Zinafanya kazi poa kabisa! Hawa si wanataka tu ninunue mpya?

Poa kaka, pole kwa safari ya bure. Naelewa unavyohisi lakini hapa nasimama na mafundi wenzangu.

Huko Marekani kila kampuni ya baindingi inatoa kila mwaka orodha ya modeli ambazo bado inazisimamia kisheria. Duka likiseti baindingi iliyo kwenye orodha kwa kufuata utaratibu na mtu akavunjika, kampuni inasimama nyuma ya duka. Ikishatoka kwenye orodha, fundi akiigusa yuko peke yake mbele ya wakili wako. Baindingi huondolewa sababu plastiki yake inazeeka, springi zinachoka, na spea hazitengenezwi tena, na mambo haya huyaoni kwa macho, kitu kinabofyeka na kinafunguka kwa mkono vizuri tu halafu siku ya siku goti linageuka na baindingi haiachii. Kinachotakiwa ni kipimo cha mashine, inavuta buti kwa nguvu inayojulikana inasoma imeachia wapi. Ile namba ya DIN (nguvu ya kuachia iliyosetiwa) unayoiona kwenye kidirisha ni ahadi tu, mashine ndo inayosema ukweli. (Na jamani mnaopandisha DIN ili muonekane mnateleza kiume, mishipa ya goti haisomi kidirisha.)

Shida yako ya pili hujaiandika lakini naiona kwenye neno "buti mpya". Soli za buti zimebadilika. Zamani ilikuwa soli bapa ngumu ya rizoti, kiwango cha ISO 5355, na ile ya kupandia yenye mpira mnene, ISO 9523. Miaka hii buti nyingi mpya zinakuja na GripWalk, soli iliyojipinda yenye mpira ili utembee bila kuanguka kwenye paking. Baindingi ya zamani iliyotengenezwa kwa soli bapa tu haina kirekebisho cha urefu chini ya pua ya buti, ukiilazimisha buti inaingia, inabana, unaona imekaa, lakini wakati wa kuachia inakwama. Kwa hiyo hata duka likubali, nakwambia usikubali wewe.

Habari njema ni kwamba skii zenyewe hazina orodha. Ng'oa baindingi, funga mpya inayokubali GripWalk, skii zako zitaendelea. Hakikisha breki ina upana unaotosha kiuno, iwe sawa au izidi kwa milimita 15 hivi isizidi hapo, ikiwa pana mno utakuwa unaikanyaga kwenye kona. Na buti zako za zamani, kama zimeshafika miaka kumi na kitu, usimuuzie mtu. Ganda la plastiki hupasuka bila kuaga, hasa kwenye baridi.

Kaka fundi, niko Calgary, nimeona tangazo la skii pana kinoma kiuno 138 za kama 2009, bei ya chakula cha jioni. Nikachukue?

Chukua ukazipige misumari ukutani zipendeze.

Hapana, natania kidogo. Hizo ni watoto wa Spatula, skii ya Volant ya 2002 aliyoibuni Shane McConkey, ambaye alitazama skii za kwenye maji akajiuliza kwa nini za theluji nene zina umbo la za pisti. Akageuza kila kitu, tumbo likawa chini pua na mkia juu, na pembeni zikawa pana katikati kuliko kwenye ncha. Watu walimcheka. Leo karibu kila skii ya friraidi dukani ina roka, na ilianzia hapo, Mungu amlaze pema, alifariki 2009 kule milima ya Dolomiti Italia. Baada yake kukawa na mashindano ya upana, 120, 130, 140. Halafu watu wakagundua siku za theluji ya kifuani ni chache, siku zilizobaki unakokota mbao. Viwanda vikarudi nyuma, sasa pea ya friraidi ya kawaida iko 98 mpaka 112. Hata Bent Chetler ya Atomic iliyoanza na kiuno cha 123 ina ndugu wa 100 toka 2018.

Kwa hiyo 138 ya 2009 ni pea ya tatu kwa mtu ambaye tayari anazo mbili. Kama ndo wewe, na makali ni mazima, bei hiyo haina hasara. Kama unazo buti tu na hamu, acha.

Assalaam alaykum fundi. Mimi wa Mombasa nafanya kazi Dubai. Nimejifunza kuteleza hapa Ski Dubai na nimenogewa. Nataka ninunue skii zangu za friraidi, modeli mpya kabisa, nizitumie hapa halafu mwezi wa 2 twende Gudauri na marafiki. Unanishauri zipi?

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Nakushauri usinunue.

Ski Dubai, toka ifunguliwe 2005, mteremko wake mrefu kabisa ni mita 400, umesawazishwa wote, na tiketi yako tayari ina skii, buti na koti ndani yake. Kiuno 105 pale ndani hakifanyi kitu zaidi ya kukuchelewesha kugeuka, theluji ni ngumu, unataka kiuno 75 mpaka 80 na hicho ndo wanachokupa kaunta. Endelea kuwatumia, jifunze kona zako.

Gudauri sasa ni dunia nyingine, Georgia, milima ya Kaukasi, kijiji kiko karibu mita 2,200 na lifti zinapita 3,200, hakuna miti, ndo maana wapenda friraidi wanapapenda. Maduka ya kukodi yapo na yana skii pana. Kodi siku ya kwanza kiuno 95, ya pili jaribu 105, ya tatu utakuwa unajua mwenyewe unachopenda kuliko mimi ninavyoweza kukisia kwa barua. Mtu aliyejifunzia ndani ya jengo mara nyingi hushtuka akikutana na theluji isiyosawazishwa, miguu inazama haijui iende wapi, na hapo skii laini yenye roka kubwa ya mwaka wowote itakusaidia kuliko modeli ya juu ya msimu huu iliyotengenezewa watu wanaoruka majabali. Nje ya pisti usiende bila mwongozaji wa hapohapo. Hakuna miti maana yake pia hakuna kinachozuia theluji isiporomoke.

Kama hela inawasha mfukoni, nunua buti. Zipimwe na fundi wa buti, siyo kwa namba ya viatu, kwa sentimita za mguu. Buti nzuri utaziendesha hapo Dubai kila wiki na Gudauri pia.

Fundi, swali fupi. Nina sentimita 168, zamani niliteleza na 160. Muuzaji Zürich ananiambia nichukue 172 ya friraidi. Ananipiga?

Hakupigi dada. Skii yenye roka puani na mkiani haigusi theluji ngumu kwa urefu wake wote, 172 ya friraidi inaweza kugusa kama 160 yako ya zamani au hata chini ya hapo, iliyobaki iko hewani inasubiri theluji nene. Ile sheria ya kupima mpaka kidevuni ni ya skii za pisti. Cha kumuuliza muuzaji ni baindingi itafungwa wapi, kwa sababu modeli nyingine alama yake iko karibu na katikati kwa ajili ya wanaozunguka hewani, na ukifunga hapo unabaki na pua fupi inayozama. Wewe huruki, kama alama zipo mbili mwambie ile ya nyuma. Na kama unatoka kwenye 160 zenye kemba tupu, siku ya kwanza usiende kwenye theluji nene moja kwa moja, zunguka nazo pistini asubuhi moja, pua itakuwa inapiga makofi hewani utadhani zimeharibika, hazijaharibika, ndo zilivyo.